Wakaninyang'anya fimbo

Nilikaa siku 23 kwenye nyumba ya watu huko Krete, kisiwa cha Ugiriki, kijiji cha mlimani juu ya Kissamos, magharibi kabisa ya kisiwa, na leo sitaki kuwasimulia zote, nataka zile tatu za mwisho tu maana ndo zimenikaa kooni. Tatu ambazo nilikalishwa kwenye kochi, nikavishwa soksi za sufi, nikakatazwa kuinua hata kikombe nilichonywea mwenyewe. Najua utasema sasa huyu analalamika nini. Subiri.

Majina siweki. Hawajui kama naandika, na hata wangejua wangeshangaa mtu wa Tanga anawahadithia watu wengine habari za kuku wao. Nitasema Bibi, Mama, Baba, na rafiki yangu, yaani mjukuu, ambaye tunasoma naye Ujerumani. Ilikuwa mwaka 2023, mwezi wa kumi na moja unaisha, akaniambia nyumbani wanavuna zeituni na mikono haitoshi, we si kila siku unalia na baridi ya huku, twende. Nikabeba begi, nikajua naenda kuota jua. Jua lenyewe! Milima Meupe inaitwa hivyo kwa sababu, nilipofika tayari ina theluji kichwani na ule upepo wake unashuka moja kwa moja hadi kwenye magoti.

Sasa kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mi nimelelewa na huo msemo, na kwa bibi yangu Muheza haukuwa utani, siku ya tatu unaamshwa alfajiri na jembe limeegemezwa mlangoni. Basi siku ya tatu Krete nikaamka mapema nikavaa mabuti nikasimama uani nasubiri jembe langu. Nikaletewa keki. Siku ya nne nikaletewa vimikate vya jibini na asali. Wenyewe wamepanda pikapu wameenda shambani, mi nimeachiwa paka watatu na televisheni ya Kigiriki. Siku ya tano nikapanda pikapu kwa nguvu, nikakaa juu ya magunia, nikasema sishuki.

Bibi ndo alinipa fimbo. Ana miaka 82, kazaliwa mwaka 1941, mwaka ule wa Vita vya Pili Wajerumani walishuka na miavuli pale Maleme mwezi wa tano, na mwenyewe anasema mama yake alijifungulia kwenye banda la kondoo. Shambani kazi iko hivi: mnatandaza nyavu chini ya mzeituni, kubwa kama za kukokota za wavuvi wetu pale Deep Sea, Tanga, ila matundu madogo, halafu Baba anashika ule mti mrefu wa mashine, kwa juu una vidole vya plastiki vinavyozunguka, waya umeunganishwa na jenereta nyuma ya pikapu, anachana matawi ya juu zeituni zinamwagika kama mvua ya mawe. Aina yao inaitwa koroneiki, ni tunda dogo hata zambarau inalizidi, ila mafuta yamo. Matawi ya chini yanapigwa kwa mkono na fimbo. Bibi mwenyewe magoti yamekataa, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anachambua majani na vijiti, na fimbo yake, ya miaka mingi, imeng'aa pale mahali pa kushika mpaka inateleza, akanikabidhi mimi. Akasema neno moja. "Schlag!" Piga.

Hapo lazima nieleze lugha. Bibi kizungu hajui, mi Kigiriki sijui. Ila mwaka 1960 Ujerumani na Ugiriki walitiliana saini mkataba wa kupeleka vibarua, na Bibi akiwa na miaka 22 akapanda treni akaenda kufanya kazi kiwandani karibu na Stuttgart, akakaa miaka tisa. Kwa hiyo Kijerumani anacho. Lakini Kijerumani chenyewe bana! Hakina tafadhali, hakina asante, hakina ukipenda. Ni amri tupu. Njoo. Beba. Siyo hivyo. Haraka. Acha maneno. Mwanzo nilidhani ni mkali, nikamwambia rafiki yangu bibi yako ananichukia, akacheka, akasema Bibi amejifunza Kijerumani kwa wasimamizi wake, yale aliyokuwa anaambiwa ndo hayo hayo anayoyajua, hakuna aliyewahi kumkaribisha chai kwa Kijerumani kwa hiyo hana hayo maneno.

Niliposikia hivyo nikampenda yule mama mpaka nikaogopa.

Kwa hiyo tangu siku ya tano nikawa kibarua wa Bibi. Haraka, beba, siyo hivyo, majani yametoka wapi haya. Sisi wawili tu kijijini ndo tunafunika kichwa, mimi mtandio wangu, yeye kitambaa cheusi cha ujane, na watu wa pale kahawani wakituona tunapita wanasema kitu wanacheka, rafiki yangu akanitafsiria: Bibi amepata mtawa. Aliniuliza mbona mi nafunika na sijafiwa. Nikamuuliza yeye atavaa nyeusi mpaka lini, kwetu mjane eda yake ni miezi minne na siku kumi basi. Akahesabu kwa vidole, minne, na kumi, akaniangalia kama nimemwambia kwetu watu wanaruka. Yeye ni mpaka kaburini.

Sitaki muone kama kijiji kizima ni malaika. Kuna mzee mmoja aliniuliza nilikuja na boti gani, na hakuwa anauliza kuhusu feri. Na shamba la jirani walikuwa wanavuna vijana wa Kipakistani, vibarua, tulikuwa tunapeana salamu kwa mbali assalaam alaikum wa alaikum salaam, wao hawakusubiri siku ya tano kupewa fimbo, walipewa dakika waliyoshuka kwenye gari. Bibi alikuwa anawapelekea mkate na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko, anauning'iniza kwenye tawi la mpakani halafu anaondoka bila kusema kitu. Nilimuuliza mbona huwapi mkononi. Akasema "Pause kurz." Mapumziko mafupi, yaani usimpotezee mtu mapumziko yake kwa mazungumzo. Anajua.

Dada yangu ndo aliniharibia siku, kwenye WhatsApp. Nilimtumia picha nimeshika fimbo nimejaa matope, akajibu: babu alikata mkonge wa Mgiriki kwa hela, wewe mwenye digrii unamchumia Mgiriki zeituni bure. Na vicheko kama kumi. Nilicheka na mimi. Halafu usiku sikulala vizuri. Maana ni kweli, babu yetu mzaa baba alitoka Kigoma kama manamba, kwa treni, wale wa SILABU waliokuwa wanakusanya watu bara wanawaleta mashamba ya mkonge Tanga, unapewa namba, unapewa kipande chako, ile kadi ya kazi, cha siku 30, unapewa panga. Na shamba alilopangiwa lilikuwa la Mgiriki. Wagiriki walikuwa wengi kwenye mkonge enzi hizo mpaka serikali ilipotaifisha baada ya Azimio la Arusha 1967. Sikuwa nimewahi kuziunganisha hizo habari mbili kichwani. Kwangu Mgiriki wa babu alikuwa ni wa kwenye hadithi tu, kofia pana na gari, na hawa walikuwa watu wa kuku na jenereta inayogoma kuwaka.

Haya, sasa siku zenyewe.

Ijumaa ndo tulimaliza. Mti wa mwisho ulikuwa kwenye ngazi ya juu kabisa ya shamba, jua linazama, magunia tukapakia, usiku huo huo tukaenda kiwandani kukamua maana zeituni zikilala kwenye gunia zinapata joto na mafuta yanaharibika. Kiwanda ni kelele na mvuke, foleni ya pikapu nje, kila mtu kaandika jina lake kwenye magunia, zeituni zinamwagwa, majani yanapeperushwa, zinaoshwa, zinasagwa na kokwa zake, ule uji unakorogwa taratibu na wanachunga joto lisipite digrii 27, halafu mashine inazungusha, na upande wa pili kwenye kibomba kidogo yanatoka mafuta ya kijani, kijani ambacho hujawahi kukiona dukani. Hewa yote ina harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi. Mle ndani kuna jiko, watu wanachoma slesi za mkate wanachovya. Nilichovya, nikakohoa, yanawasha koo kama pilipili manga. Baba akafurahi sana kwamba nimekohoa, ndo dalili ya mafuta mazuri.

Yetu ilitoka kilo moja kwa kila kilo tano za zeituni, na asidi asilimia 0.3, wakati mpaka 0.8 bado unahesabiwa ni daraja la juu. Bei mwaka ule ilikuwa imepanda vibaya sana kwa sababu Hispania walikumbwa na ukame, na wao ndo wanalisha dunia mafuta ya zeituni, kwa hiyo wanaume wote wa foleni walikuwa na ile furaha ya mtu anayecheka huku anaangalia pembeni. Mi nilikuwa nimeshika kalamu, naandika uzito wa magunia. Nilikuwa mtu wa nyumba. Nakumbuka nilijiona hivyo kabisa, nimesimama pale na kalamu sikioni.

Jumamosi asubuhi nikashuka, fimbo haipo nyuma ya mlango. Kumbe Mama kaiosha kaipeleka stoo. Mezani kuna kitambaa cha kufuma ambacho sijawahi kukiona, vikombe vyenye mstari wa dhahabu. Nikachukua ndoo nikawape kuku, Mama akaipokea. Nikashika ufagio, ukapokelewa. "Káthise, káthise," kaa, kaa. Na Bibi naye! Bibi akanishika mkono akanipeleka kwenye ule mlango uliokuwa umefungwa siku zote, chumba cha mbele, na nadhani kila Mswahili anakijua hicho chumba hata kama hajafika Ugiriki, sebule isiyokaliwa, viti vina vitambaa, picha za marehemu ukutani, kabati la vyombo visivyotumika. Akanikalisha. Soksi za sufi akanivisha mwenyewe, kainama na magoti yake yale. Na akaanza kuongea na mimi Kigiriki. Kwa upole, sauti ya chini, maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia wiki zote.

Sikuelewa hata moja. Ndo ilikuwa shida yenyewe. Kukaribisha hajui kwa Kijerumani, kwa hiyo aliponirudisha kuwa mgeni ilibidi ahamie lugha ambayo mi simo. Nimekaa pale natabasamu kama picha, chumba chenyewe ni barafu kwa sababu jiko la kuni liko jikoni, na jikoni nawasikia wanafanya kazi, wanagombana, wanaangusha mifuniko.

Rafiki yangu akanieleza kwamba neno lao xénos ni mgeni wa kukaribishwa na pia ni mtu baki asiyejulikana, neno moja hilo hilo. Nikamwambia na letu vile vile. Mgeni ni yule unayemchinjia kuku, na mgeni ni yule unayesema huyu mgeni hapa hajui mambo. Tukanyamaza wote wawili.

Kazi moja nilipata, kwa kuiba. Jumapili ilikuwa kumbukumbu ya mume wa Bibi, miaka mitatu, na Jumamosi jioni wanawake walikuwa wanatengeneza kóliva, ngano nzima inachemshwa, inakaushwa juu ya taulo usiku, halafu inachanganywa na zabibu kavu, lozi, mdalasini, punje za komamanga, juu inafunikwa sukari ya unga. Inagawiwa kanisani watu wamwombee marehemu. Wanafanya siku ya arobaini pia, arobaini hiyo hiyo yetu, nilipowaambia kwetu nako ni arobaini na watu wanasoma hitma wanakula pilau jirani mmoja akajifanyia msalaba. Basi nikavuta sufuria la makomamanga nikajifungia chooni. Ndiyo, chooni, nimekaa kwenye kifuniko napukuchua komamanga, na nilipotoka na bakuli limejaa Mama alitaka kukasirika akashindwa.

Kanisani sikuingia, nilisimama uani kwenye jua pamoja na wavuta sigara. Mwisho nikapewa sinia la vifuko niwagawie watu wanaotoka. Kila mmoja anasema Mungu amsamehe, nami naitikia kwa kichwa. Yule mzee wa boti naye alichukua. Akachukua viwili.

Chakula cha mchana hicho siwezi kukieleza chote. Mbuzi, wali wao wa harusini unaopikwa kwa supu ya nyama na limao, nilisema ah jamani huu ni binamu yake pilau aliyesahau bizari nyumbani. Mboga za mwitu za kuchemsha, stamnagáthi, chungu kidogo, ilikuwa mchunga mtupu, nikala bakuli zima nikiwa naona kabisa soko la Mgandini mbele yangu. Nguruwe walimweka meza ya mbali kwa heshima yangu, na wakati wote wanakunywa ile raki yao, pombe kali, mi kikombe changu kidogo kile kile kinajazwa chai ya mlimani, tunagonga pamoja.

Jioni wageni wakaondoka, nikarudishwa kwenye chumba cha barafu, safari hii familia yote imekaa humo, wamevaa nguo za kutokea. Nikatoa zawadi yangu. Kanga, nyekundu na nyeupe, mgeni njoo mwenyeji apone. Nikatafsiri maandishi. Bibi akaipapasa, akaikunja, akaiweka magotini. Nyekundu hawezi kuvaa, nilisahau mimi mjinga. Halafu sijui kwa nini, nikawaambia habari za babu. Kigoma, treni, namba, panga, Mgiriki. Rafiki yangu anatafsiri kwa kigugumizi, katikati aliacha akaniangalia kama kuniuliza una uhakika, nikasema endelea.

Baba alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama akasema kitu kuhusu kahawa akabaki amekaa. Bibi akauliza swali moja, na akauliza kwa Kijerumani, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Walimlipa?"

Nikasema walimlipa, kidogo.

Akasema, "Mimi pia." Akaonyesha vidole vinne, kitanda chake chumba cha watu wanne, akaonyesha mkono wake wa kushoto ambao siku zote nilidhani ni baridi yabisi, kumbe mashine. Wajerumani walikuwa wanawaita Gastarbeiter, mfanyakazi mgeni. Akasema hilo neno polepole, akaligawanya katikati, Gast, Arbeiter, kama mtu anayepasua ganda aone kuna nini ndani. "Mgeni hafanyi kazi," akasema. "Hapa hapana." Akapiga kiganja kwenye kiti nilichokalia. Ndo nikaelewa kochi, na soksi, na fimbo kupelekwa stoo.

Nilitaka kumwambia kwetu ni kinyume, kwetu jembe ndo linakutoa ugeni, kwamba zile siku za haraka na siyo hivyo ndo nilikuwa nimefika kwelikweli. Kijerumani changu ni kizuri, nina vyeti. Hakikutosha.

Jumatatu feri ya Piraeus inaondoka Souda usiku, kwa hiyo nilikuwa na mchana mzima wa kuondoka. Mafuta yalishafungwa, debe zima la lita 17 walitaka kunipa, tukashushana mpaka la lita tano, Baba kalizungushia magazeti na mifuko na gundi mpaka limekuwa kama mtoto wa baridi. Yuro mia nilizoacha chini ya mto zilishagunduliwa na kurudishwa kwenye kiatu changu kabla sijamaliza kunywa chai. Hiyo nilitegemea.

Nilipoingia jikoni saa moja asubuhi kanga yangu ilikuwa juu ya beseni, imefunika unga wa mkate unaumuka. Imekaa vizuri tu pale, mgeni njoo iko juu.

Nje wingu limeshuka mpaka kwenye bomba la moshi. Nilikuwa nimekaa nasubiri kuambiwa káthise, nikasikia mlango wa nyuma unapigwa teke na sauti ya Bibi kutoka uani, ile ya shambani.

"Holz! Regen! Schnell!"

Kuni. Mvua. Haraka. Nilitoka na soksi zake za sufi ndani ya mabuti ya Baba, nikakimbia bandani. Ni magogo ya mzeituni, mazito, nilibeba mzigo wa kwanza, wa pili, wa tatu, mvua ikanikuta kwenye wa nne, yeye kasimama mlangoni na mwamvuli ambao haujafunguka vizuri ananielekeza, siyo hapo, huku, panga vizuri, wewe kila siku hupangi vizuri. Nikapanga mpaka likafika usawa wa kifua. Nikajifuta uso na mtandio.

Aliliangalia lile fungu muda mrefu, akalisukuma kidogo kwa mguu. Akasema hizi hazifiki Alhamisi.

Nikarudi bandani kuongeza.